Timu ya Mreno

Ndugu msomaji, katika kurasa zilizotangulia nimeandika mengi juu ya watu walionikosea. Haki inanidai niandike pia juu ya mtu mmoja niliyemkosea mimi, na usishangae nikikuambia kwamba kisa chenyewe kinahusu klabu ya mpira ya Ureno.

Katika kijiji nilichokulia, si mbali na Mto Ruvuma upande wetu wa Tanzania, alikuwapo fundi cherehani aliyekuja kama mkimbizi. Watu wazima walimwita Fundi, na sisi watoto tulimwita Mzee Fundi, ingawa nikipiga hesabu leo naona hata miaka arobaini hakuwa ameitimiza. Alikuwa Mmakonde wa Mueda. Ujana wake aliumalizia Lourenço Marques, ndiyo Maputo ya leo, akiwa mtumishi wa nyumbani kwa Mzungu mmoja, na huko ndiko alikojifunza kushona. Alirudi kwao, akaoa. Kisha, baada ya askari wa Kireno kuwamiminia watu risasi pale Mueda tarehe 16 Juni 1960, akavuka mto pamoja na mkewe, na cherehani yake ya mkono wakipokezana kichwani.

Cherehani ile ilikuwa na kifuniko cha mbao. Ndani ya kifuniko, mahali ambapo mteja hawezi kuona ila akiinama, Fundi alikuwa amebandika picha iliyokatwa gazetini. Ilionyesha wachezaji wawili weusi, mmoja mkubwa ameweka mkono begani kwa mwenzake. Mkubwa ni Mário Coluna, mdogo ni Eusébio. Jezi zao zilikuwa za Benfica ya Lisbon. Fundi alituambia kwamba Coluna alimwona kwa macho yake akicheza Lourenço Marques kabla hajachukuliwa Ulaya mwaka 1954, na kwamba mtaa wa Mafalala, alikozaliwa Eusébio tarehe 25 Januari 1942, aliujua nyumba kwa nyumba: mabanda ya mbao na mabati, na watoto wakicheza peku kwa mpira wa soksi zilizojazwa magazeti.

Mwezi wa Julai 1966 Fundi hakushona siku mbili. Ureno ilikuwa imefungwa na Korea ya Kaskazini mabao 3 kwa 0 kabla nusu saa haijaisha, kule Liverpool, katika Kombe la Dunia, na mwisho wake ikashinda 5 kwa 3, Eusébio akiwa amefunga manne peke yake. Sisi tulisimuliwa na Fundi, naye alizipata habari kutoka redio ya mwenye duka. Alituonyesha kila bao katika vumbi mbele ya baraza yake, akitumia vifungo vya mashati. Nilikuwa na miaka 13. Sijaona tena mpira ukisimuliwa namna ile, hata baada ya televisheni kuja.

Miaka mitatu baadaye mambo yalikuwa mengine. Vita vya Msumbiji vilikuwa vimepamba moto ng'ambo ya mto, na mabomu ya kutegwa ardhini hayakuwa yakiuliza nani raia wa wapi. Baba wa rafiki yangu mmoja alirudi kutoka kutafuta kuni akiwa amebebwa. Tarehe 3 Februari 1969, Dk. Eduardo Mondlane, rais wa FRELIMO, aliuawa mjini Dar es Salaam kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu. Kijiji kizima kililia. Sisi vijana, ambao tulikuwa na kikundi chetu na mashati yetu ya kijani na sauti kubwa kuliko akili zetu, tulitafuta mtu wa kumkasirikia, na Mreno wa karibu hakuwapo.

Nikakumbuka ile picha.

Tulikwenda watano. Mimi ndiye niliyeinua kifuniko. Niliibandua picha mbele ya wateja, nikaisomea mashtaka kama hakimu, kwamba huyu ni kibaraka, anatuficha mapenzi yake kwa timu ya Mreno wakati Mreno anatuua, kisha nikaichana vipande vinne. Fundi hakuinuka. Aliuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, mtu akikuibia mbuzi, utamchukia mbuzi?"

Nami nikamjibu, "Mbuzi hamfungii mwizi magoli."

Watu walicheka. Walicheka sana, na nikajiona bingwa. Fundi aliinama akaokota vile vipande vinne, akavitia katika kopo la vifungo, akaendelea kushona. Hakuwahi kunisema kwa wazazi wangu. Mwaka 1975 Msumbiji ilipopata uhuru, tarehe 25 Juni, mimi nilikuwa chuo cha ualimu mbali na nyumbani, na niliporudi likizo nikakuta baraza yake imegeuzwa banda la mbuzi. Alikuwa amekwisha kuvuka kurudi kwao.

Nakiri kwamba nilianza kusoma historia ya Benfica kwa nia ya kujitetea. Nilitaka kuhakikisha kwamba nilikuwa na haki, kwamba ile ilikuwa kweli timu ya wakoloni. Nimeokoteza kidogo kidogo kwa miaka mingi, katika magazeti ya zamani na vitabu vya kuazima, na hatimaye kwa msaada wa binti yangu anayesoma Kireno. Ushahidi niliokusanya umenipinga mahali pengine na kuniunga mkono mahali pengine, na huo ndio ubaya wa kusoma.

Klabu ile ilizaliwa tarehe 28 Februari 1904 katika duka la dawa, Farmácia Franco, mtaa wa Belém, Lisbon. Waanzilishi walikuwa 24, vijana wasio na uwanja wala fedha, na baadhi yao walikuwa wamelelewa Casa Pia, kituo cha yatima. Mmoja wa vijana hao wa Casa Pia ni Cosme Damião, ambaye baadaye alikuwa mchezaji, nahodha na kocha, na anayehesabiwa kuwa roho ya klabu. Waliiita Sport Lisboa. Wakachagua rangi nyekundu na nyeupe, ndege tai, na maneno ya Kilatini yasemayo kwamba kutokana na wengi hupatikana mmoja.

Belém, kwa taarifa yako msomaji, ndiko Vasco da Gama alikotweka tanga mwaka 1497, safari iliyomfikisha Msumbiji, Mombasa na Malindi mwaka 1498. Kaburi lake limo katika monasteri ya Jerónimos, hatua chache kutoka lile duka la dawa. Niliposoma hayo nilipiga meza kwa furaha: nimempata mwizi! Lakini yatima hachagui mahali pa kulelewa, na vijana wale walikuwa wakitafuta mpira tu.

Tena walikuwa fukara kiasi kwamba mwaka 1907 wachezaji wao 8 waliwahama wakaenda Sporting, klabu ya wenye nafasi, iliyokuwa na uwanja mzuri na mahali pa kuoga. Mtani wa jadi akapatikana hapo. Sisi wa Simba na Yanga tunadhani utani wa namna hii tumeubuni wenyewe Kariakoo, kumbe kila mji una Kariakoo yake. Mwaka uliofuata, 1908, Sport Lisboa ikaungana na klabu nyingine ya kitongoji cha Benfica iliyokuwa na uwanja lakini haina wachezaji wa maana. Ile ya pili ilikuwa na mchezo wa baiskeli, na ndiyo sababu nembo ya Sport Lisboa e Benfica ina gurudumu la baiskeli nyuma ya ngao hata leo. Nimeulizwa mara nyingi na wanafunzi wangu gurudumu lile la nini, nami nimejibu kwa fahari isiyo yangu.

Uwanja wao mkubwa, Estádio da Luz, ulifunguliwa tarehe 1 Desemba 1954, na ulijengwa kwa michango ya wanachama, wengine wakitoa fedha na wengine saruji. Baadaye ulipanuliwa hata ukaweza kuchukua watu 120,000. Ulikuwa uwanja wa watu wa kawaida, makuli, makarani, wauza samaki. Hata rangi yao ilitia wasiwasi. Wakati wa udikteta wa Salazar magazeti yalipendelea kuwaita kwa neno lingine la rangi ya damu, kwa kuwa neno la kawaida la "wekundu" lilinuka ukomunisti.

Hapa ndipo nilipoanza kutoa jasho. Kibaraka gani huyu ambaye bwana wake anaogopa hata rangi ya shati lake?

Lakini ngoja. Benfica ilikuwa na sheria yake kwamba hachezi mtu asiye Mreno. Sheria hiyo ilidumu hadi wanachama walipopiga kura kuiondoa mwaka 1978, na mgeni wa kwanza, Mbrazili Jorge Gomes, akaingia mwaka 1979. Sasa, Coluna na Eusébio waliingiaje? Waliingia kwa sababu serikali ya Salazar ilidai kwamba Msumbiji na Angola si makoloni bali ni majimbo ya Ureno ya ng'ambo, na kwamba nchi ni moja kutoka Minho hadi Timor. Yaani uwongo ule ule uliowapiga risasi watu wa Mueda ndio uliowavika wale wawili jezi. Kila bao la Eusébio mbele ya Wazungu wa Ulaya lilikuwa hoja mikononi mwa Salazar: mnatusemaje kuwa wakoloni, na mwana wetu mpendwa ni huyu? Katika hili nilikuwa sahihi siku ile barazani. Nililisema kwa njia ya kishenzi, lakini nilikuwa sahihi.

Na timu ile bila watu wa Afrika ingekuwa nini? Nahodha wa kombe la kwanza, José Águas, alizaliwa Angola, mwana wa walowezi. Golikipa Costa Pereira alizaliwa Msumbiji, naye Mzungu. Santana alitoka Angola. Coluna alitoka Msumbiji, kiungo wa kifua kipana, aliyezungumza kidogo na kutiiwa sana. Tarehe 31 Mei 1961, mjini Bern, waliifunga Barcelona 3 kwa 2 na kuchukua Kombe la Klabu Bingwa Ulaya. Bao la tatu lilikuwa la Coluna, shuti la mbali.

Eusébio hakucheza siku ile. Alikuwa Lisbon tangu Desemba 1960, lakini usajili wake ulikuwa umezua ugomvi usio na mfano. Kwao alichezea Sporting ya Lourenço Marques, tawi la Sporting ya Lisbon, maana tawi la Benfica lilikuwa limemkataa kwanza. Kocha wa Benfica, Béla Guttmann, Myahudi wa Hungaria, alisikia sifa zake kwenye duka la kinyozi kutoka kwa kocha Mbrazili aliyemwona Afrika. Benfica wakamchukua upesi, na Sporting walipopiga kelele wakamficha kwenye hoteli ya pwani ya kusini kwa siku kadhaa. Katika mawasiliano yao walimwita kwa jina la siri la kike, Ruth. Kijana wa miaka 18, baba yake amekufa kwa pepopunda angali mtoto, mama yake yuko ng'ambo ya bahari, naye anafichwa chumbani kama gunia la magendo!

Mama yake alimkabidhi kwa Coluna. Coluna akawa mlezi wake Lisbon, na Eusébio alimwita "Bwana Coluna" maisha yake yote. Ndiyo maana ya ule mkono begani katika picha ya Fundi. Mimi niliichana nikidhani ni picha ya vibaraka wawili, kumbe ni picha ya kijana na mlezi wake ugenini. Na Fundi, aliyekuwa ugenini bila mlezi, aliibandika mahali ambapo angeiona kila anapofungua kazi.

Tarehe 2 Mei 1962, Amsterdam, walikutana na Real Madrid. Puskás alifunga matatu kabla ya mapumziko, Benfica wakawa nyuma 3 kwa 2. Coluna akasawazisha. Kisha Eusébio akafunga penalti, na dakika chache baadaye akapiga mpira wa adhabu uliokwenda wavuni: 5 kwa 3. Mchezo ulipokwisha alimkimbilia Di Stéfano, aliyekuwa akimhusudu tangu utotoni, wakabadilishana jezi.

Guttmann aliomba aongezewe mshahara, akakataliwa, akaondoka. Inasimuliwa kwamba aliwaapiza wasichukue kombe la Ulaya kwa miaka 100. Sijui kama kweli aliapiza. Najua tu kwamba Benfica walipoteza fainali za Kombe la Klabu Bingwa za 1963, 1965, 1968, 1988 na 1990, ya Kombe la UEFA ya 1983, na zile mbili za Ligi ya Europa za 2013 na 2014. Fainali ya 1990 ilichezwa Vienna, alikozikwa Guttmann, na Eusébio alikwenda kuomba kaburini kwake. Walifungwa na Milan 1 kwa 0. Sisi tunaojua uzito wa kinyongo cha mzee aliyenyimwa haki yake hatucheki. Mimi hasa sicheki.

Nyumbani Ureno laana haikufika. Msimu wa 1972 hadi 1973 walicheza mechi 30 za ligi, wakashinda 28 na kutoka sare 2. Kufikia mwaka 2023 walikuwa wametwaa ubingwa mara 38. Mwaka 2006 walitambuliwa kuwa klabu yenye wanachama wengi kuliko zote duniani, zaidi ya 160,000. Takwimu hizi nazipita haraka kwa kuwa shabiki yeyote atakutajia, na kwa kuwa siyo zilizonikosesha usingizi.

Kilichonikosesha usingizi ni mechi ya tarehe 22 Juni 1969, miezi minne tu baada ya kuchana picha. Ilikuwa fainali ya Kombe la Ureno, Benfica na Académica, timu ya wanafunzi wa Coimbra. Wanafunzi walikuwa katika mgomo dhidi ya serikali, na uwanja ukageuka kuwa mkutano wa hadhara, mabango juu. Rais wa nchi hakuhudhuria na televisheni haikuonyesha. Academica waliongoza. Simões akasawazisha dakika za mwisho, na katika muda wa nyongeza nani akafunga la ushindi? Eusébio. Sasa niambie, msomaji, mbuzi alimfungia nani bao lile? Nimelifikiria jambo hili kwa miaka mingi. Jibu ninalolipata ni kwamba mchezaji alipewa mpira akafunga, kama Fundi alivyopewa kitambaa akashona, hata kilipokuwa cha sare ya askari wa bwana wake.

Klabu za Italia zilimtaka Eusébio kwa fedha nyingi, asiuzwe. Magoti yake yalipasuliwa mara kadhaa na bado akachezeshwa. Alifunga mabao 473 katika mechi 440 za Benfica. Baada ya uhuru wa Msumbiji, Coluna alirudi nyumbani, akafundisha mpira na baadaye kuongoza shirikisho la soka la nchi yake. Eusébio alibaki Lisbon. Kwa muda mrefu nilimpendelea Coluna kwa sababu hiyo. Siku hizi sina hakika tena kama nina haki ya kumhukumu mtu kwa kubaki mahali alipofichwa akiwa na miaka 18.

Wote wawili walifariki mwaka 2014, Eusébio tarehe 5 Januari mjini Lisbon, Coluna tarehe 25 Februari mjini Maputo. Mdogo alitangulia, mlezi akamfuata. Wiki moja baada ya kifo cha Eusébio, Benfica walicheza na Porto, na kila mchezaji wao alivaa mgongoni jina la Eusébio.

Mwaka 2017 nilikwenda Lisbon kumtembelea binti yangu anayesoma huko. Uwanja wa zamani ulikwisha kubomolewa, na mpya, wa watu 65,000 hivi, ulifunguliwa mwaka 2003. Nje imesimama sanamu ya Eusébio akipiga shuti, imezungukwa na skafu. Ndani ya jumba la makumbusho nililitafuta gazeti lenye ile picha, chumba kwa chumba, mpaka binti yangu akachoka akakaa chini. Sikuliona.

Siku ya pili akanipeleka Pantheon, kanisa la Santa Engrácia, ambamo Eusébio alihamishiwa tarehe 3 Julai 2015. Wamelala humo marais na waandishi. Umo pia ukumbusho wa Vasco da Gama, jeneza la mawe lisilo na mtu. Nilisimama kati ya Vasco na mtoto wa Mafalala. Binti yangu akaniuliza, "Baba, unamwombea yupi?" Nikamwambia namwombea fundi cherehani. Hakuelewa, nami sikuwa na ujasiri wa kumweleza mle ndani. Nilimweleza usiku, tukila, naye hakucheka mahali ambapo wale wa barazani walicheka.

Niliporudi nilimtuma mfanyabiashara mmoja wa korosho, ambaye siku hizo alikuwa akivuka Daraja la Umoja kwenda Mueda, aniulizie. Alirudi baada ya wiki sita. Alisema Fundi alikufa zamani, kabla ya mwaka 1990, na kopo la vifungo hakuna anayelijua. Cherehani ipo, anaitumia binti yake. Mjukuu yupo pia, anaendesha pikipiki ya abiria, na alipoulizwa kuhusu Benfica alitema mate pembeni. Yeye ni Sporting.